Mkopo wa Matone na Shimo la Bi Siwatu

Jina la nchi yetu sitalitaja. Si kwa woga, la hasha. Jina likitajwa wageni husikia, wageni wakisikia huja, na wakija kazi yote huniangukia mimi. Mimi ni Katibu wa Kamati ya Kudumu ya Mapokezi ya kijiji cha Magadini. Nimepokea wakuu wa idara, nimepokea wasaidizi wao, na mwaka mmoja nilipokea kofia ya mkuu wa idara, kwa kuwa mwenyewe alipata dharura akaituma imwakilishe. Tuliipa kofia kiti cha mbele na soda. Kwa hiyo msomaji akiona nasimulia kwa sauti ya chini, ajue ni uchovu tu. Na serikali yangu sina neno.

Magadini tunalima vitunguu. Tunavimwagilia kama walivyofanya baba zetu, ila wao walichota kwa ndoo na sisi tuna pampu. Unawasha pampu asubuhi, unaelekeza mfereji shambani, unakwenda zako kunywa chai. Ukirudi, shamba limekuwa bwawa na wewe unajiona mkulima hodari. Halafu unamwaga mbolea ya chumvichumvi bila choyo, maana ile ya juzi imeshazama. Ilikuwa inazama kwenda wapi, hatukuuliza. Tulianza kuuliza visima vilipobadilika ladha, kimoja baada ya kingine, kutoka bondeni kupanda juu, mpaka mboga za kijiji kizima zikawa hazihitaji chumvi.

Kisima kimoja tu kilibaki kitamu, cha Bi Siwatu Kondo, katikati ya mashamba yetu ya huku juu. Alikichimba marehemu mumewe, akakijengea mawe kwa mikono yake. Bi Siwatu ni mwanamke wa maneno machache, na akikutazama huku unajieleza, unajikuta umeanza kutubu. Aliishi na bintiye Mwanahawa na mjukuu wake Salha, kitoto kichanga ambacho maziwa ya mama yake yalikauka mapema, kikawa kinalelewa kwa maziwa ya unga. Nesi wa zahanati alimwambia Bi Siwatu wazi: maziwa ya huyu mtoto yakorogwe kwa maji ya kisima chako tu. Hayo mengine yamejaa mbolea, na kuyachemsha hakusaidii kitu. Mtu mzima yatamsumbua tumbo yamwache, lakini mtoto mchanga yatamkosesha pumzi mpaka midomo igeuke rangi.

Bi Siwatu alirudi nyumbani akasimama kisimani, akatazama mifereji yetu iliyokizunguka pande zote. Shamba langu mimi ndilo lililo karibu zaidi. Nilimwamkia kwa mbali, akaitikia, na pampu yangu ikaendelea kunguruma.

*

Serikali haikukaa kimya. Serikali yetu haijawahi kukaa kimya. Wizara ya Maji iligawanywa mara moja, ikapatikana Wizara ya Maji ya Juu, inayoshughulikia mvua na dua, na Wizara ya Maji ya Chini, inayoshughulikia yaliyobaki. Ya chini akapewa Mheshimiwa Mwinshehe Pazi, ambaye kabla ya hapo alikuwa Waziri wa Upepo na alifanya vizuri, maana upepo haukukatika hata siku moja katika kipindi chake. Alizungumza redioni siku ileile.

“Ndugu wananchi,” alisema, “maji yaliyo chini ya miguu yetu ni hazina, na hazina haimwagwi ovyo. Kuanzia leo taifa hili litamwagilia kwa tone. Tone moja, mche mmoja, taifa moja.”

Hivyo ndivyo ulivyozaliwa Mkopo wa Matone. Serikali inakukopesha mipira myembamba yenye vitundu, unailaza juu ya matuta, maji yanadondoka taratibu kwenye shina la kitunguu na si kwingineko. Maji yanatosha, mbolea haizami, kisima kinapumua. Lilikuwa jambo la akili kabisa, na nadhani ndiyo maana lilitushtua.

Bi Siwatu alikuwa wa kwanza kuomba. Kabla ya kuomba alipita kwa majirani wote, mmoja mmoja, akauliza swali lilelile: nikikopa, vitunguu vikakubali, na ninyi mtakopa? Maana shamba langu peke yake haliwezi kukiokoa kisima, alisema. Sote tulimjibu kwamba tutaangalia. Huku kwetu hilo ni jibu la heshima kubwa, linatumika hata kwenye posa.

Afisa Mkopo alikuja, Bwana Kihwelo, mtu mpole, msafi, mwenye viatu vyeusi vinavyong’aa hata siku ya mawingu. Alihitaji dhamana. Nyumba ya Bi Siwatu ni ya udongo, akasema itayeyuka. Shamba ni la ukoo, akasema ukoo hausaini. Vitunguu vinaoza. Akazunguka uwanja mzima huku anasikitika, kwa kweli anasikitika, mpaka macho yake yakatua kwenye kisima, na uso ukamchangamka.

Likazuka tatizo. Kwa sheria zetu, maji yote ya chini ni mali ya taifa, na mtu hawezi kuliwekea taifa dhamana kwa mali ya taifa. Suala lilipanda makao makuu, likakaa huko mpaka Salha akaanza kugeuka kitandani mwenyewe. Lilirudi na uamuzi wa busara: maji ni ya taifa, lakini shimo ni la Bi Siwatu. Basi akaweka rehani shimo.

Pakasimikwa kibao: SHIMO HILI LIPO CHINI YA UANGALIZI WA MKOPO. Bwana Kihwelo alimfafanulia kwa upole kwamba litabaki hivyo hadi ithibitishwe kuwa shamba linamwagiliwa kwa mafanikio. Ikithibitishwa, shimo lake. Isipothibitishwa, shimo litachukuliwa. Bi Siwatu aliuliza shimo linachukuliwaje. Bwana Kihwelo alisema huwa linafukiwa.

*

Mipira ilikuja, ikalazwa, na sijui niseme nini, ilifanya kazi. Tulikuwa tunakwenda kuchungulia kwa zamu huku tunajifanya tunapita. Kati ya matuta palikuwa pakavu, na vitunguu vya Bi Siwatu vikanenepa vikatuaibisha. Maji aliyokuwa akimwaga kwa siku moja zamani, sasa yalimtosha wiki. Mimi mwenyewe nilianza kufikiria kukopa, na nilifikiri kwa bidii msimu mzima.

Bwana Kihwelo akarudi kukagua. Ukaguzi wa umwagiliaji katika nchi yetu una kanuni moja ya tangu enzi za mifereji, na haijafutwa kwa sababu aliyeitunga alipandishwa cheo. Mkaguzi anaingia shambani akiwa amevaa viatu safi, anatembea mwisho hadi mwisho, anatoka, anatazama viatu. Vikiwa na tope, shamba linamwagiliwa. Ndicho Kipimo cha Viatu.

Alitembea shamba zima la Bi Siwatu akatoka na viatu vinang’aa kama alivyoingia. Aliinua mguu mmoja, akainua wa pili. Nilimwonea huruma. Bi Siwatu alimwonyesha tundu la mpira na tone linavyoingia kwenye shina, akamng’olea na kitunguu kimoja, kikubwa cha kujaza kiganja.

“Mama, kitunguu nakiona,” alisema Bwana Kihwelo. “Lakini kitunguu si ushahidi. Ushahidi ni tope.”

Hakuwa mkatili. Alisema hataandika chochote siku hiyo. Mheshimiwa Waziri mwenyewe alikuwa anakuja kuzindua Mkopo wa Matone kitaifa, na shamba la uzinduzi ndilo hilo, kwa kuwa nchi nzima lilikuwa halijapatikana jingine. Mheshimiwa atatembea shambani, na viatu vyake ndivyo vitakavyoamua. Akamshauri, kama mtu wa nyumbani, siku hiyo afungulie pampu, alijaze shamba maji kidogo, mambo yaishe. Bi Siwatu akamjibu kwamba alikopa matone, na matone ndiyo atakayoyaonyesha. Bwana Kihwelo akakiweka kitunguu kwenye mkoba, kwa ajili ya kumbukumbu za ofisi.

*

Sasa hapo ndipo nilipoingia mimi na Kamati.

Magadini mgeni hapokelewi kwenye vumbi. Njia anayopita hunyunyiziwa maji, na kadiri mgeni alivyo mkubwa ndivyo maji yanavyokuwa mengi. Mjomba akija unamwagia mlangoni. Diwani, uwanja mzima. Kwa Waziri haikuwa na mjadala: njia nzima, kutoka barabara kuu hadi shambani, asubuhi na alasiri, iwe inanukia mvua.

Maji ya visima vyetu vya bondeni hayakufaa. Yakikauka yanaacha weupe, na tuliwahi kumpokea kwayo msaidizi wa katibu fulani, akaondoka na viatu kama vya mtu anayepaka chokaa, hakula hata pilau, na mabati tuliyoahidiwa ya zahanati yetu yakaenda kijiji kingine. Yalitakiwa maji matamu, na maji matamu yalikuwa sehemu moja. Kwa kuwa shimo lilikuwa chini ya uangalizi wa Mkopo, ruhusa haikuombwa kwa Bi Siwatu. Iliombwa kwa Bwana Kihwelo, akaitoa kwa moyo mkunjufu, na tukashusha pampu yetu kisimani.

Tulimwagia njia. Ilikuwa inapendeza, siwezi kusema uongo. Siku ikafika, tukavaa sare, ikaja taarifa kwamba Mheshimiwa ameahirisha, amealikwa nje kwenye semina ya matumizi bora ya maji. Kesho yake tukamwagia tena, kwa sababu barua ya kuahirisha haikusema tuache. Ikatajwa tarehe nyingine, ikapita. Ikatajwa nyingine. Jua lilikuwa kali, njia inakauka kabla hatujafika mwisho wake, tunarudi mwanzo. Watu wakaanza kuniuliza hii kazi itaisha lini, nikawajibu kwamba na mimi nilikuwa na swali hilohilo.

Jioni moja Bi Siwatu alinifuata nyumbani, akasimama mlangoni, karibu hakuitaka.

“Katibu,” alisema, “kamba yangu ya ndoo nimeiunga leo, haifiki maji. Hayo mnayomwagia vumbi ndiyo maziwa ya Salha.”

Nilimwambia nimemsikia na nitalifikisha. Na nililifikisha. Nililipeleka kwa Mwenyekiti Shomvi, mwenyekiti wetu wa kijiji, akasema hilo ni la Mkopo. Nikalipeleka kwa Bwana Kihwelo, akasema mapokezi ni jambo la Kamati. Nikarudi nyumbani nikakaa, maana Kamati ilikuwa mimi na Mwenyekiti, na Mwenyekiti alishasema. Asubuhi tukamwagia njia.

Kisha likatokea jambo tulilolidhania baraka. Kisima kilichokuwa kimebaki matope chini, tulikikuta asubuhi kimepanda. Tulifurahi, Mwenyekiti akaomba iingie kwenye taarifa. Hatukujiuliza maji yametoka wapi. Yalikuwa yameingia kwa pembeni, kutoka chini ya mashamba yetu na mbolea yake, kujaza nafasi tuliyoitoa sisi. Hakuna aliyeyaonja kwa sababu Kamati haionji, inamwaga. Na kabla hakujapambazuka vizuri, Mwanahawa alikuwa ameshachota ndoo yake akakoroga maziwa.

Yule mtoto mchana wake alianza kuhema haraka, na midomo ikawa bluu kama wino wa muhuri. Ikatafutwa pikipiki, Mwanahawa akapanda na mtoto kifuani, Bi Siwatu akipanda nyuma yake. Walifika katikati ya njia tuliyoitengeneza kwa ajili ya Mheshimiwa, pikipiki ikazama kwenye tope la mapokezi, maana asubuhi hiyo maji yalikuwa tele, gurudumu likazunguka bure. Wakashuka, wakakimbia kwa miguu hadi barabara kuu. Nilikuwa nimesimama pale na mpira wa maji mkononi, na Bi Siwatu alinipita bila kunitazama.

Hospitali ya wilaya walimwekea mtoto hewa. Yu hai, nashukuru. Daktari alimzuia huko, akasema kwenye yale maji asirudishwe.

Kesho yake njia ya Mheshimiwa ilikauka nyeupe, kuanzia kisimani hadi barabara kuu. Nilipoiona nilikaa chini kwenye jiwe. Kisha simu ikaita. Mheshimiwa alikuwa amekwisha kuanza safari.

*

Weupe tuliufunika kwa zulia. Tulikusanya mazulia ya kijiji kizima, ya msikitini na ya kanisani na la ukumbi wa harusi, tukayaunganisha. Kwa hiyo Mheshimiwa alitembea juu ya zulia tangu mlango wa gari hadi ukingo wa shamba, viatu vyake havikugusa hata chembe ya nchi anayoiongoza. Alihutubia. Alisema kisima ni mama na tone ni mtoto, na kwamba chini ya uongozi wake maji ya chini yataendelea kubaki chini. Wakati wote huo alikuwa ananywa maji ya chupa yaliyotoka kwenye gari.

Akaingia shambani. Bwana Kihwelo alikuwa nyuma yake, macho kwenye viatu. Bi Siwatu, aliyekuwa amerudi alfajiri kutoka hospitali na khanga zilezile, alikuwa amefungulia matone yake kama kila siku. Maji yalikuwa kwenye mashina tu. Mheshimiwa alitembea mwisho hadi mwisho akasifu vitunguu, akatoka akasimama mbele yetu, na viatu vyake vilikuwa safi kabisa. Bwana Kihwelo alijifuta jasho. Kulikuwa na lori lililopaki pembeni, limebeba kifusi, maana ofisi ya Mkopo huja imejiandaa kwa matokeo yoyote.

Hapo ndipo Bi Siwatu alipojitokeza na glasi ya maji kwenye kisahani.

Kila mtu wa kwetu anajua maana yake. Mgeni hupewa maji kwanza, kabla ya kuulizwa habari wala shida. Akiyakataa ameikataa nyumba. Mheshimiwa naye ni mtoto wa watu, alijua, akaipokea kwa mikono miwili huku anatabasamu. Aliiinua mpaka usawa wa kidevu. Msaidizi wake akamnong’oneza. Glasi ikasimama.

“Mama, haya maji yamepimwa?” aliuliza.

“Yamepimwa, Mheshimiwa,” alisema Bi Siwatu. “Aliyapima mjukuu wangu Salha. Amelazwa hospitali ya wilaya.”

Mheshimiwa aliangalia glasi, akatuangalia sisi, akaangalia kamera za waandishi waliokuja naye, na nakiri kwamba mtu hawi waziri hivihivi. Alitangaza kwa sauti ya sherehe kwamba yeye maji haya hatayanywa peke yake ilhali ardhi ina kiu, bali atakuwa kiongozi wa kwanza kumwagilia kwa mkono wake mwenyewe. Akaiinamisha glasi taratibu, yakadondoka hapohapo alipokuwa amesimama. Udongo ukaruka. Kwenye ncha ya kiatu chake cha kulia pakabaki donge dogo la tope.

Bwana Kihwelo alipiga goti. Aliligusa kwa kidole, akalisugua, akasimama akiwa mtu mwingine.

“Tope,” alitangaza. “Umwagiliaji umethibitika.”

Lori la kifusi likawasha injini likaondoka. Kibao kiling’olewa palepale. Bwana Kihwelo alimshika Bi Siwatu mikono yote miwili, machozi yanamlenga, nadhani yalikuwa ya kweli, akampa hongera. Shimo lake limesalimika, alimwambia, na kuanzia saa hiyo ni lake moja kwa moja, hakuna wa kumgusa.

Bi Siwatu alikwenda akainama juu ya kisima, akakaa ameinama. Mheshimiwa akamsogelea na kipaza sauti, ili wananchi wasikie shukrani.

“Shimo nimelipokea,” alisema Bi Siwatu. “Sasa haya maji, kwa kuwa ni ya taifa, mtakuja kuyachukua lini?”

Watu wote wakanigeukia mimi, kwa sababu ratiba nilikuwa nayo. Niliifungua nikatazama. Baada ya neno la mnufaika palikuwa pameandikwa makofi, basi tukapiga makofi.